Unga wa muhogo ndani ya nailoni: inaoza kweli au inabomoka tu? Uzi kwa wadau wa Mtwara na Lindi

Fundi_Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni.

Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu swali limekuwa lilelile kila kona, kuanzia kwa vijana wa Mkanaledi wanaotaka kufungua kiwanda kidogo hadi kwa wenye vitalu vya mikorosho Masasi na Newala: "Fundi, nikichanganya chenga za nailoni na unga wa muhogo, si napata mfuko unaooza?" Muhogo tunao. Maganda ya korosho yamejaa kwenye viwanda vya kubangua. Makumbi ya nazi kuanzia Mikindani mpaka Kilwa yanaishia jikoni kama kuni. Mtu anaona malighafi iko mlangoni, kilichobaki ni mashine tu.

Nilifanya kazi kwenye mashine za kupuliza nailoni Dar kabla sijarudi nyumbani. Nitaeleza ninachokijua, wenye ujuzi zaidi wataongeza.

Ukichanganya unga wa muhogo na nailoni ya kawaida, kinachooza ni muhogo. Nailoni inabaki. Inabaki imetobokatoboka na imelegea, jua na upepo vikiipiga inakatika vipande vidogo visivyookoteka. Mfuko mzima utauona shambani utauokota. Vipande vya ukubwa wa punje ya chumvi utaviokota na nani?

Tatizo liko kwenye kemia yenyewe. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na viungo vyake vinakatwa na kimeng'enya kinachoitwa amilesi. Amilesi imo kwenye mate yetu, imo kwa kuvu na bakteria wa udongoni. Nailoni ya rambo ni polithini, yaani kaboni imeshikana na kaboni kwa maelfu, na udongoni hakuna kimeng'enya kinachoikata kwa kasi ya maana. Bakteria naye hawezi kuingiza mnyororo mrefu namna hiyo mwilini mwake, mpaka uwe umeshakatwa vipande vidogo sana. Unga uliouweka pembeni ya mnyororo huo haujaugusa.

Na wazo lenyewe si geni. Miaka ya 1970 Gerald Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, alikuwa anajaza wanga kwenye polithini. Miaka ya 1980 mifuko ya aina hiyo ikauzwa Ulaya na Marekani kwa sifa ya kuoza, mingi ikiwa na wanga kati ya asilimia 6 na 15. Ilipofukiwa na kufukuliwa, wanga wa juujuu ulikuwa umeliwa, polithini iko palepale.

Wa ndani je? Mwingi haukuguswa kabisa. Fikiria kashata ya njugu. Njugu zikiwa chache, kila moja imezungukwa na sukari peke yake; mdudu asiyeweza kula ile sukari atakula njugu zilizochomoza juu, kisha amekwama. Ili apite ndani, njugu lazima zigusane moja kwa moja mpaka upande wa pili. Kwa wanga ndani ya plastiki, kugusana huko kunaanza karibu na asilimia 30 ya ujazo. Chini ya hapo umemfungia bakteria mlango.

Karibuni tujadili.

---

Dogo_Mkanaledi

Kaka Fundi shukrani kwa bandiko. Mimi ni mmoja wa waliokuuliza.

Sasa kama tatizo ni kiwango, si tuweke asilimia 40 au 50? Kuna muuzaji ameniletea kipeperushi cha chenga anazoziita "za mihogo", anasema naweza kuzichanganya na polithini kwenye mashine yoyote ya kupuliza, mfuko unaoza wenyewe. Bei yake si mbaya. Nimeshaanza kuzungumza na watu wa mkopo, kwa hiyo nahitaji jibu la kueleweka.

---

Fundi_Chikongola

@Dogo_Mkanaledi mdogo wangu, usisaini chochote kwanza.

Ukiweka asilimia 50, nusu ya pili bado ni polithini. Wanga wote ukiliwa kwa raha zake, umebakiwa na nusu ya mfuko ambayo haina wa kuila. Hesabu haibadiliki.

Halafu mashine yenyewe itakutesa. Unga wa muhogo uliokauka juani vizuri kabisa bado una maji, kama asilimia 12 hivi. Polithini laini tunaiendesha nyuzi 160 hadi 190. Maji yale yanageuka mvuke ndani ya pipa la mashine, yanatokea kwenye mdomo kama mapovu. Nimeshaona puto la nailoni likipanda vizuri, refu, linang'aa, kisha linakuja doa moja la povu, puto linapasuka juu na lote linaporomoka kwenye roli. Unasimamisha, unasafisha, unaanza upya. Ukipandisha joto kukimbizana na hilo, karibu na nyuzi 200 wanga unaanza kuungua, unapata rangi ya kahawia na harufu ya mkate ulioungua.

Kingine, wanga unapenda maji na polithini inayakataa. Havishikani. Kila punje ya unga inakuwa sehemu ya kuanzia mpasuko. Kuna dawa ya kuviunganisha, polithini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, nayo inasaidia mfuko usipasuke haraka. Lakini hiyo ni kwa ajili ya nguvu. Kuoza hakuhusiani nayo, na huyo muuzaji asikuchanganyie mambo mawili.

Muulize maswali haya kwa maandishi: chenga zako mbali na wanga zina plastiki gani? Zimepimwa kwa kiwango gani, kwenye joto gani, kwa muda gani? Akikujibu "ni za asili" tu, huyo hajakujibu.

---

Mwalimu_Kemia_Lindi

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nafundisha kemia hapa Lindi na somo hili wanafunzi wanalipenda sana kwa sababu linafanyika kwa vitu vya dukani.

@Dogo_Mkanaledi, kabla hujakopa, omba sampuli, ufanye vipimo viwili ambavyo havina gharama.

Cha kwanza ni ayodini. Nunua kichupa cha tinkcha duka la dawa, dondoshea tone kwenye kipande cha mfuko, hasa pale ulipokatwa. Penye wanga patageuka buluu iliyokolea karibu na weusi. Pasipo na wanga patabaki na rangi ya kahawia. Ni kipimo kizuri cha kumkamata anayedai kuna muhogo wakati hakuna. Ila kikigeuka buluu usishangilie: kinakuambia wanga upo, hakikuambii kingine kilichomo ni nini.

Cha pili ni maji. Kata kipande kidogo, kisugue kwa sabuni kidogo kuondoa mapovu ya hewa, kizamishe kwenye glasi kisha kiachie. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, zitapanda juu. Plastiki zinazooza zinazotumika kwenye mifuko, kama PLA na PBAT, pamoja na wanga wenyewe, ni nzito kuliko maji, zitazama. Angalizo: nailoni iliyojazwa unga wa chokaa kwa wingi nayo inaweza kuzama. Kwa hiyo kinachoelea ndicho kinachokupa jibu la uhakika zaidi. Ukiambiwa mfuko ni wa muhogo mtupu na unaelea, umedanganywa.

Kuhusu plastiki ya wanga yenyewe, bila polithini, inawezekana na tunaitengeneza darasani. Tunakuna muhogo, tunauchuja kwa kitambaa, tunaacha maji yale meupe yatuame. Maji yakimwagwa, chini unabaki wanga mgumu mweupe unaokatika kwa kijiko. Huo si unga wa ugali, ni wanga safi. Muhogo mbichi una kama robo ya uzito wake, mara nyingine zaidi. Gramu 10 za wanga, maji mililita 60 hivi, gliserini kijiko kimoja cha chai, siki kijiko kimoja. Unapika kwa moto mdogo huku unakoroga bila kuacha. Mwanzoni ni maziwa, halafu ghafla yanashika, yanakuwa mazito na kuonekana kama ute. Unayapaka kwenye kioo, unayaacha yakauke. Kinatoka kitu kama nailoni, unaweza kusoma gazeti lililo nyuma yake.

Gliserini ndiyo inayokilainisha. Ukiipunguza, kinavunjika kama kaukau. Ukiizidisha, hapa pwani kwa unyevu wetu kinanata mikononi. Na hata ukiipatia, kikikaa kinakuwa kigumu siku hadi siku kwa sababu minyororo ya wanga inarudi kujipanga. Ukikilowesha kinavimba na kukatika. Kwa hiyo ni plastiki inayooza kwelikweli, lakini si ya kubebea samaki kutoka feri.

---

Mama_Miche_Masasi

Wanangu hamjambo. Mimi nina kitalu cha mikorosho, na naomba mnisaidie jambo langu, maana hapa mnazungumzia mifuko ya sokoni na mimi shida yangu ni viriba.

Zamani wazee wetu walikuwa wanapanda mbegu moja kwa moja shimoni, mbili au tatu, unabakisha mche wenye afya. Wengi bado wanafanya hivyo. Lakini miche ya kubebesha lazima ikae kitaluni, na kitaluni ni viriba vya nailoni. Mkulima akinunua mche anafika nao shambani, anachana kiriba, anapanda, kiriba anakitupa palepale. Wengine kwa haraka wanapanda nacho kimechanwa chini tu, mizizi inajikunja, baada ya miaka miwili mti umedumaa na lawama zinakuja kwangu. Kwenye kitalu nako vile vilivyoharibika vinarundikwa na kuchomwa, moshi wake unaujua mwenyewe ukiuvuta.

Nikipata kiriba ambacho mkulima anapanda nacho na kinaisha ardhini, mizizi inapita, mimi nakilipia hata kwa bei ya juu kidogo. Swali langu: hicho cha wanga wa Mwalimu kitadumu kitaluni? Mche unakaa kwangu miezi miwili mitatu, wa kubebesha unazidi hapo, na namwagilia kila siku. Tena mchwa wa huku mnawajua.

---

Fundi_Chikongola

@Mama_Miche_Masasi shikamoo mama. Hapa ndipo nilipotaka uzi ufike.

Cha wanga mtupu hakitadumu. Kwa kumwagilia kila siku kitaota ukungu na kulainika mapema sana, na mchwa watakitangulia. Lakini kuna njia ya kati, nayo ndiyo inayofanya kazi huko duniani: badala ya kuchanganya wanga na polithini, unauchanganya na plastiki nyingine ambayo nayo inaoza.

Mfano ni PBAT. Hii inatengenezwa na mafuta ya petroli, tusifichane, lakini minyororo yake ina viungo vya esta, na hivyo maji na vimeng'enya vya udongoni vinavikata. BASF wa Ujerumani wanaiuza kwa jina la Ecoflex tangu 1998. Inanyumbulika kama nailoni na inapulizika kwenye mashine zinazofanana na zetu, ukiwa makini na ukavu wa chenga. Wanga unapikwa kwanza na gliserini ndani ya mashine mpaka punje zake zinayeyuka, kisha unachanganywa na PBAT. Novamont wa Italia wanauza mchanganyiko wa ukoo huo, wanga na poliesta inayooza, unaitwa Mater-Bi. Humo kazi ya wanga ni mbili: inashusha bei kwa sababu PBAT ni ghali, na inaharakisha kuoza kwa sababu bakteria wakila wanga wanafungua njia ya kuishambulia plastiki iliyobaki, ambayo safari hii inalika.

Mnaona tofauti? Unga uleule wa muhogo. Kwenye polithini unaacha mabaki, kwenye PBAT unafungua njia.

Sasa kuhusu vipimo, maana hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kiwango cha Ulaya kinachotajwa sana kwenye mifuko ni EN 13432. Kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi sita, na baada ya wiki 12 kisibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chujio la milimita 2. Vizuri sana. Lakini ni kwenye mboji ya kiwandani, joto kama nyuzi 58. Nionyesheni kiwanda cha mboji cha nyuzi 58 kati ya hapa na Nangurukuru. PLA, ile plastiki ya mahindi inayosifiwa sana, ndiyo inayolitegemea zaidi joto hilo. Kwenye udongo wa kawaida inakaa miaka.

Mama, wewe usiulize EN 13432. Uliza EN 17033, kiwango cha mwaka 2018 cha nailoni za kutandaza shambani. Hicho kinapima kwenye udongo wenyewe, joto la nyuzi 25 hivi, na kinataka asilimia 90 ndani ya miaka miwili. Udongo wa Masasi una joto la kutosha kwa hilo. Tatizo letu ni ukame: kuanzia Juni mpaka mvua za msimu udongo wa juu umekauka, na bakteria bila maji wamelala. Mche ukipandwa Desemba au Januari mvua zimeshika, kiriba kitakuwa na miezi kadhaa ya unyevu wa kuanzia kuliwa.

---

Mjukuu_wa_Nanyamba

Wakuu mmesahau utajiri wetu wenyewe. Kwa nini tushindane na chakula? Muhogo ni ugali wa watu. Maganda ya korosho je? Yasagwe yawe unga, yachanganywe na plastiki. Na makumbi ya nazi. Nchi nyingine wanatengeneza mbao za plastiki na unga wa mbao.

---

Mwalimu_Kemia_Lindi

@Mjukuu_wa_Nanyamba hoja ya chakula ni nzito na nakuunga mkono. Maganda ya muhogo na machicha yanayobaki baada ya kuchuja wanga yanafaa kama kijazio pia, na hayo hayamnyimi mtu ugali.

Ila ganda la korosho lina tabia yake. Ndani yake mna mafuta meusi yanayobabua ngozi, kila aliyewahi kubangua kwa mkono anayajua. Mafuta yale ni fenoli: asidi ya anakadiki, ikipashwa moto inakuwa kadanoli. Kadanoli inatumika duniani kutengeneza rangi, gundi na vitambaa vya breki. Na moja ya sifa zake ni kuzuia plastiki isiharibiwe na oksijeni, wakati asidi yake inazuia bakteria. Yaani ukisaga ganda lenye mafuta ukaliweka kwenye plastiki unayotaka ioze, umeweka humohumo kihifadhi. Lazima mafuta yakamuliwe kwanza, na hayo yana soko lake peke yake. Lililobaki linaweza kuwa kijazio.

Mbao za plastiki na unga wa mbao ni kitu kizuri, zinapunguza plastiki mpya na haziliwi na mchwa kirahisi. Lakini hizo zinatengenezwa zidumu. Hakuna anayetaka sakafu yake ioze. Makumbi ya nazi ningeyaelekeza huko, au yafinyangwe kuwa vyungu vya miche bila plastiki yoyote.

---

Mkulima_wa_Mwani

Nawasoma tangu mwanzo. Niko upande wa Lindi vijijini, nalima mwani, mke wangu na dada zake ndio wanaoujua zaidi kuliko mimi.

Nyie mnazungumza udongo. Sisi kila mche wa mwani tunaufunga kwenye kamba kwa taitai ya plastiki. Bahari ikichafuka, mwani unakatika na taitai inaondoka. Maji yakitoka utaziona zimenasa kwenye nyasi bahari na kwenye mikoko. Kasa wanakula vitu vinavyoelea wakidhani ni yavuyavu. Hiyo plastiki ya wanga na PBAT inaoza baharini?

---

Fundi_Chikongola

@Mkulima_wa_Mwani swali zito hili, na usikubali mtu akujibu kwa kutumia cheti cha udongo au cha mboji. Bahari ni kitu kingine: bakteria ni wachache zaidi na maji ni ya baridi kuliko rundo la mboji.

Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, la Imogen Napper na Richard Thompson, lilitoka 2019. Walichukua mifuko ya dukani ya aina tofauti, wakaiweka sehemu tatu: hewani, udongoni na baharini, kwa miaka mitatu. Ule uliouzwa kama wa kugeuka mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu. Lakini udongoni ulikuwa bado upo baada ya miezi 27, ingawa ulikuwa hauwezi tena kubeba kitu. Na ule uliouzwa kama wa kuoza, pamoja na wa kawaida, baada ya miaka mitatu udongoni au baharini ulikuwa bado unabeba bidhaa za sokoni. Mfuko uleule, mazingira mawili, majibu mawili. Na kutoweka machoni hakuthibitishi kwamba umeliwa wote, unaweza kuwa umekuwa vipande tu. Ndiyo maana vipimo makini vinapima hewa ya ukaa inayotoka.

Kwa taitai yako ningesema jibu la karibu ni nyuzi za asili, katani au makumbi, zijaribiwe kwa muda wa mavuno yenu. Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi, uzi hauhitaji kuishi zaidi ya hapo sana. Katani tuliilima hapahapa Kikwetu, si kitu kigeni kwa Lindi.

---

Dogo_Mkanaledi

Jamani nimepiga kile kipimo cha maji kwenye sampuli ya yule muuzaji. Inaelea. Ayodini imegeuka buluu hafifu kwenye kingo. Kwa hiyo ni polithini yenye unga kidogo, au naelewa vibaya?

---

Mwalimu_Kemia_Lindi

Umeelewa vizuri kabisa. Wanga upo kidogo, na uzito wake unasema sehemu kubwa ni polithini au polipropilini.

---

Mjukuu_wa_Nanyamba

@Dogo_Mkanaledi na sheria uiangalie. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, bila kujali unene. Ukitoa mfuko wa polithini wenye unga, NEMC (baraza la mazingira) wakikukuta utawaeleza nini? Vifungashio vya kilimo, vya hospitali na vya usindikaji wa chakula havikuguswa na katazo hilo. Kwa hiyo viriba vya Mama Miche viko upande salama, rambo yako haiko.

Ila naomba niweke hesabu moja mezani ili tusijidanganye. Mkorosho unapandwa mita 12 kwa 12, ekari inachukua miti 28 hivi. Kiriba cha upana wa sentimita 15 na urefu wa 25, unene wa maikroni 50, kina kama gramu tatu na nusu za nailoni. Ekari nzima ni chini ya gramu 100. Hivi kweli hapa ndipo pa kuanzia?

---

Fundi_Chikongola

@Mjukuu_wa_Nanyamba hesabu yako ni sahihi na nimefurahi umeileta. Kwa ekari ni kidogo. Lakini iangalie kwa upande wa kitalu: miche 10,000 ni kilo 35 za nailoni msimu mmoja, sehemu moja, na nyingi inaishia motoni au inafukiwa chini ya mti utakaoishi miaka mingi.

Napendekeza viriba kwa sababu nyingine pia, na kwangu ndiyo kubwa. Kiriba ni kitu ambacho mwisho wake unajulikana: kinaishia udongoni, kwenye shimo lenye samadi na maji, siku inayojulikana. Plastiki inayooza inahitaji hilo. Mfuko wa sokoni hujui utaishia wapi, mtaroni, baharini au tumboni mwa mbuzi. Kwa sokoni mimi nasema vikapu vya ukili na mifuko mbadala mizito inayorudiwa, basi. Tusipoteze muhogo huko.

Na bei, niseme wazi: chenga za PBAT na wanga ni ghali kuliko polithini, mara mbili na zaidi, tena zinaagizwa. Kitakachopunguza ni wanga wetu kuchukua sehemu kubwa ya mchanganyiko. Kiriba hakihitaji kung'aa wala kuchapwa maandishi, kinaweza kuvumilia wanga mwingi na hata unga wa maganda. Hapo Kusini tuna nafasi, na TARI Naliendele (taasisi ya utafiti wa kilimo) wako hapahapa, wanajua mkorosho na muhogo kuliko mtu yeyote. Ningependa jambo hili lifike kwao.

---

Mama_Miche_Masasi

Nimekuelewa mwanangu. Mimi naweza kutoa tuta moja la kitalu kwa majaribio, miche nitatoa mwenyewe. Nileteeni hivyo viriba. Niambieni tu nifanye nini ili majibu yasiwe ya kubahatisha.

---

Fundi_Chikongola

Mama Mungu akubariki. Tutafanya hivi.

Chenga za mfano naziagiza mimi, nitaomba karatasi ya EN 17033 kabla ya kulipa. Tutapuliza viriba vya aina tatu: mchanganyiko wenyewe, mchanganyiko wenye wanga wa muhogo wa ziada, na nailoni ya kawaida ya kulinganishia. Bila hiyo ya tatu hatutajua kama ni udongo wako au ni kiriba. Zote zipate udongo uleule na maji yaleyale.

Kitaluni angalia vitu viwili: kinapasuka lini ukinyanyua mche, na mizizi imetoboa pembeni au inazunguka ndani. Kwa kuoza tutafukia viriba vitupu kwenye vifuko vya wavu wa chandarua, kina cha kiganja kimoja, na kamba ya rangi itokeze juu ili tuvipate. Vingine tutavifukia pasipo na mchwa, ndani ya ndoo zilizotobolewa, maana mchwa anatafuna na kubeba, na hilo si kuoza. Tukifukua tunaosha taratibu, tunakausha kivulini, tunapima kwenye mizani ya gramu, kisha udongo uliobaki tunaupitisha kwenye chujio. Mwalimu, mizani ya maabara tunaweza kuipata kwako?

---

Mwalimu_Kemia_Lindi

Mizani ipo, inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Leteni vikiwa vimekauka kabisa, na kila kimoja kiwe kimepimwa na kuandikwa namba kabla ya kufukiwa. Tumieni penseli kwenye kipande cha bati, wino utafutika.

---

Mkulima_wa_Mwani

Fundi, ukipuliza nitengee mita chache nikate taitai. Nitazifunga kwenye kamba moja pamoja na za katani na hizi tunazotumia sasa, bamvua lijalo tunaanza.